Mada ya 7: Hita ya Maji ya Nyumbani – Kutafuta Ubovu na Kuutengeneza

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii uweze:

1. Kueleza jinsi hita ya maji inavyofanya kazi na kazi ya kila sehemu yake.
2. Kukokotoa mkondo, ukinzani, nishati na muda wa kupasha maji.
3. Kutaja dalili za ubovu na kuzihusisha na sababu zake.
4. Kupanga hatua za uchunguzi kwa mfuatano sahihi na salama.
5. Kutofautisha kazi unayoweza kuifanya mwenyewe na kazi ya fundi mwenye leseni.

7.1 Utangulizi

Mwaka 2018 laini ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilianza kufanya kazi, na mkoa wa Ruvuma ukaunganishwa na gridi ya taifa. Kabla ya hapo miji kama Songea na Mbinga ilitegemea majenereta ya dizeli. Umeme unapokuwa wa kutegemewa, watu hununua vifaa vinavyotumia nguvu kubwa, na hita ya maji ni kimojawapo. Katika vijiji vya milima ya Umatengo, kama Mkumbi, baridi ya Juni na Julai humfanya mtu aikumbuke hita kila alfajiri. Ukishuka hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, hali ya hewa ni ya joto zaidi na maji ya bomba si baridi kama ya mlimani. Tofauti hiyo ya mahali itatusaidia katika hesabu za mada hii.

Hita inapoacha kutoa maji ya moto, nyumba nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hununua hita mpya, ama humwita mtu yeyote anayemiliki bisibisi. Njia ya kwanza inaweza kupoteza pesa, na ya pili inaweza kupoteza uhai. Mada hii inafundisha njia ya tatu, ambayo kanuni yake ni moja: pima kwanza, nunua kipuri baadaye. Kifaa hakihukumiwi kwa kukitazama. Kinahukumiwa kwa kulinganisha kipimo chake na hesabu.

7.2 Sehemu za hita na kazi zake

Hita ya tangi ndiyo tutakayoitumia zaidi katika mada hii. Sehemu zake kuu ni hizi:

- Tangi: huhifadhi maji. Limezungushiwa kihami joto ili maji yasipoe haraka.
- Koili: waya wenye ukinzani mkubwa, ndani ya bomba dogo la chuma. Kati ya waya na bomba hilo kuna unga mkavu unaopitisha joto lakini haupitishi umeme.
- Themostati: swichi inayofunguka maji yanapofikia halijoto iliyochaguliwa, na kujifunga tena yanapopoa.
- Kikata joto: swichi ya dharura. Themostati ikishindwa kukata, hiki hukata umeme maji yanapokaribia kuchemka. Kwenye hita nyingi kina kitufe kidogo cha kukirudisha.
- Taa ya kuonyesha: kwa kawaida huwaka wakati koili inapelekewa umeme.
- Vali ya usalama: hutoa maji shinikizo likizidi ndani ya tangi. Aina nyingi pia huzuia maji ya moto yasirudi kwenye bomba la maji baridi.
- Anodi ya magnesi: fimbo inayolika badala ya tangi. Magnesi iko juu ya chuma katika mfululizo wa utendanaji, hivyo huanza kuliwa yenyewe na tangi hubaki salama.
- Waya wa erthi: huunganisha mwili wa hita na ardhi.

Fuata njia ya umeme kwa mfuatano huu: *mita ya LUKU → breka → swichi ya hita → kikata joto → themostati → koili.* (Katika baadhi ya hita kikata joto na themostati vimo ndani ya kifaa kimoja.) Umeme ukikatika mahali popote kwenye mnyororo huu, maji hayapati moto. Kwa hiyo uchunguzi nao hufuata mnyororo huohuo, kuanzia sehemu iliyo rahisi kufikiwa hadi iliyo ndani kabisa.

7.3 Hesabu za msingi

Kanuni tatu zinatosha:

- P = IV (nguvu = mkondo × volteji)
- R = V²/P (ukinzani = volteji kipeo cha pili ÷ nguvu)
- Q = mcΔT (joto = tungamo × joto mahususi × badiliko la halijoto)

Kwa maji, c = 4,200 J/kg°C, na lita 1 ina tungamo la kilo 1. Volteji ya nyumbani Tanzania ni 230 V. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa 1, sawa na juli 3,600,000.

Mfano wa 1. Hita ina kibandiko kilichoandikwa 50 L, 230 V, 1,500 W. Kokotoa mkondo wake na ukinzani wa koili.

*Jibu:*
I = P/V = 1,500/230 = 6.5 A
R = V²/P = 52,900/1,500 = 35 Ω

Namba hii ya 35 Ω ndiyo silaha yako kubwa. Inakuambia multimita inapaswa kusoma nini koili ikiwa nzima. Jedwali la 1 linaonyesha hita zenye nguvu nyingine.

*Jedwali la 1: Koili nzima kwenye 230 V*

| Nguvu | Mkondo | Ukinzani |
|---|---|---|
| 1,200 W | 5.2 A | 44 Ω |
| 1,500 W | 6.5 A | 35 Ω |
| 2,000 W | 8.7 A | 26 Ω |
| 5,500 W | 23.9 A | 9.6 Ω |

Tofauti ya omu moja au mbili kwenye hita ya tangi si ubovu.

Mfano wa 2. Hita hiyohiyo iko Mkumbi. Maji yanayoingia yana 18°C na themostati imewekwa 60°C. Kokotoa muda wa kupasha tangi zima na uniti zitakazotumika.

*Jibu:*
Q = 50 × 4,200 × (60 − 18) = 8,820,000 J
t = Q/P = 8,820,000/1,500 = sekunde 5,880 = dakika 98
Uniti = 8,820,000/3,600,000 = 2.45

Mfano wa 3. Hita hiyohiyo ipelekwe Mbamba Bay, ambako tuchukulie maji yanaingia yakiwa na 26°C.

*Jibu:*
Q = 50 × 4,200 × 34 = 7,140,000 J
t = 7,140,000/1,500 = sekunde 4,760 = dakika 79 hivi
Uniti = 1.98

Tazama majibu haya mawili. Hita ni ileile na koili ni ileile, ila ya mlimani inachelewa kwa karibu dakika 19. Mtu aliyehama kutoka ziwani kwenda mlimani anaweza kudhani hita yake imeharibika njiani, kumbe kilichobadilika ni maji. Kumbuka pia kuwa hesabu hizi hazikuhesabu joto linalopotea kupitia kuta za tangi, hivyo muda halisi huwa mrefu kidogo kuliko jibu lako.

7.4 Usalama kabla ya kugusa chochote

Ngozi iliyolowa ina ukinzani mdogo. Tukiuchukulia mwili wa mtu aliyelowa kuwa na 1,000 Ω, akigusa 230 V atapitiwa na:

I = 230/1,000 = 0.23 A = miliampia 230

Breka ya uvujaji inayotumika majumbani hukata umeme ukivuja kwa miliampia 30, kwa sababu kuanzia hapo moyo uko hatarini. Miliampia 230 ni zaidi ya mara saba ya kiasi hicho. Ndiyo maana bafu ni mahali pa hatari kuliko vyumba vingine vya nyumba.

Hatua za lazima ni hizi:

1. Zima swichi ya hita, kisha zima breka yake. Swichi peke yake haitoshi. Kama nyaya ziliunganishwa kinyume, swichi hukata nyutro huku laivu ikibaki imefika kwenye hita.
2. Bandika karatasi kwenye breka au mweke mtu wa kuilinda, ili asitokee mtu wa kuiwasha wakati kazi inaendelea.
3. Hakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo. Jaribu kipimo chenyewe kwanza mahali unapojua pana umeme, maana testa mbovu pia haiwaki.
4. Acha maji yapoe. Maji ya 60°C huunguza ngozi kwa sekunde chache.
5. Usisimame kwenye sakafu yenye maji.

Nani afanye nini? Wewe mwanafunzi unaweza kuangalia LUKU, breka, swichi, mpangilio wa themostati ulio nje, mtiririko wa maji na dalili nyingine za nje. Kufungua mfuniko wa hita, kupima volteji kwenye nyaya na kubadilisha sehemu ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Katika mtihani eleza hatua zote. Nyumbani ishia kwenye zile zako.

7.5 Hatua za uchunguzi

Hatua ya 1: Hakikisha kuna ubovu kweli. Kokotoa muda unaotarajiwa kama katika Mfano wa 2. Kama hesabu ni dakika 98 na umesubiri dakika 40, hita haina kosa. Uliza pia: je, watu watatu wameoga mfululizo? Tangi la lita 50 likishatumika, maji baridi huingia na kazi huanza upya.

Hatua ya 2: Angalia nje ya hita. Je, uniti za LUKU zipo? Taa za chumba zinawaka? Breka ya hita imeshuka? Ikiwa imeshuka, ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena, kuna shoti au uvujaji, na usiirudie. Breka inayoshuka inakupa taarifa. Haijakosea.

Hatua ya 3: Soma taa ya kuonyesha. Kwa hita ambayo taa yake imeunganishwa sambamba na koili:

- Taa haiwaki na maji ni baridi: umeme haufiki kwenye koili. Shuku breka, swichi, kikata joto au themostati.
- Taa inawaka na maji ni baridi hata baada ya muda mrefu: umeme unafika ila koili haifanyi kazi. Shuku koili iliyokatika.
- Taa inawaka na maji ni vuguvugu: koili ni nzima. Shuku volteji ndogo, au maji baridi yanayochanganyika na ya moto.

Hatua ya 4: Volteji ipimwe. Kumbuka P = V²/R. Koili haibadilishi ukinzani wake kwa sababu volteji imeshuka, hivyo nguvu hushuka kwa kipeo cha pili cha volteji. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu inaweza kupata volteji pungufu jioni, wakati watu wengi wanatumia umeme kwa pamoja.

Hatua ya 5: Kikata joto na themostati vipimwe. Umeme ukiwa umezimwa na nyaya zimetolewa, multimita huwekwa kwenye omu. Maji yakiwa baridi, kila kimoja kinapaswa kusoma karibu na 0 Ω. Kisiposoma kitu, mnyororo umekatika hapo. Kikata joto kilichofunguka hurudishwa kwa kitufe, ila fundi lazima ajiulize *kwa nini* kilifunguka. Mara nyingi ni themostati ambayo midomo yake imeungua ikashikana, ikaacha kukata. Kubonyeza kitufe kila wiki bila kubadilisha themostati ni kuitegemea dharura kila siku.

Hatua ya 6: Koili ipimwe mara mbili.

- *Kati ya ncha zake mbili.* Linganisha na Jedwali la 1. Mita ikionyesha ukinzani usio na kikomo, koili imekatika. Ikionyesha karibu na sifuri, kuna shoti.
- *Kati ya kila ncha na chuma cha mwili.* Mita lazima ionyeshe ukinzani usio na kikomo, au mkubwa sana wa megaomu. Ikisoma omu mia chache au elfu chache, bomba la koili limetoboka, maji yameingia kwenye unga, na umeme unavuja kwenye maji.

Watu wengi hufanya kipimo cha kwanza wakasahau cha pili. Koili inaweza kusoma 35 Ω safi na bado ikaua, kwa kuwa inapasha maji huku inavuja. Kipimo cha kwanza kinaeleza kama hita inafanya kazi. Cha pili kinaeleza kama ni salama.

Hatua ya 7: Upande wa maji uchunguzwe. Vali ya usalama inayodondosha matone wakati wa kupasha si mbovu. Maji hupanuka yakipata joto. Lita 50 zikipashwa kutoka 18°C hadi 60°C huongezeka kwa karibu lita 0.8, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Kamwe usiizibe vali hiyo. Ikidondosha mfululizo hata hita ikiwa imezimwa, basi ina uchafu au shinikizo la bomba limezidi. Maji yakitoka kwenye kiungo cha koili, gasketi imechoka. Yakitoka kwenye ukuta wa tangi lenyewe, tangi limetoboka kwa kutu na hita nzima ibadilishwe.

*Jedwali la 2: Muhtasari wa dalili*

| Dalili | Sababu inayoshukiwa | Tiba |
|---|---|---|
| Taa haiwaki, maji baridi | Breka, swichi, kikata joto au themostati | Fuata mnyororo, badilisha sehemu iliyokatika |
| Taa inawaka, maji baridi | Koili imekatika | Badilisha koili na gasketi |
| Breka inashuka ukiwasha | Shoti au koili inayovuja | Zima kabisa, mwite fundi |
| Maji yanachemka, mvuke unatoka | Themostati imeshikana | Zima, badilisha themostati |
| Maji yanachelewa kupata moto | Volteji ndogo, au maji ya kuingia ni baridi sana | Pima volteji, kokotoa upya |
| Kelele ya kutokota ndani | Ukoko wa chokaa kwenye koili | Safisha koili |
| Mtekenyo wa umeme ukigusa bomba | Uvujaji pamoja na erthi mbovu | Zima breka sasa hivi, mwite fundi |

7.6 Kwa nini koili huungua?

Sababu kubwa ni mbili.

*Kwanza, kuwashwa bila maji.* Koili imetengenezwa kwa kutegemea maji kuichukulia joto. Maji yakikosekana, joto hubaki kwenye koili na waya huungua kwa muda mfupi. Hili hutokea hasa mahali penye mgao wa maji, au hita mpya inapowashwa kabla tangi halijajaa. Kanuni ya nyumbani ni hii: fungua bomba la maji ya moto, subiri maji yatoke kwa mfululizo bila hewa, kisha washa hita.

*Pili, ukoko wa chokaa.* Maji yenye ugumu wa muda yakipashwa hutoa chokaa:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Chokaa hiyo hujishika kwenye koili na kuwa kihami joto. Hapa pana kosa la kuepuka. Usiandike kwamba ukoko hupunguza nguvu ya umeme ya koili. Nguvu ni V²/R, nayo haikubadilika. Kinachotokea ni kwamba joto hupita kwa shida, koili yenyewe huwa ya moto kupita kiasi, na huungua mapema. Ili kujua kama maji ya kwenu ni magumu, angalia ndani ya birika la chai. Ukoko mweupe ulio humo ndio unaojengeka pia ndani ya hita. Koili iliyotolewa inaweza kulowekwa kwenye siki, na asidi yake huyeyusha chokaa:

CaCO₃ + 2CH₃COOH → Ca(CH₃COO)₂ + H₂O + CO₂

Kubadilisha koili kwa ufupi (kazi ya fundi): zima breka na uthibitishe, funga maji ya kuingia, mwaga maji ya tangi, tenganisha nyaya baada ya kuzichora au kuzipiga picha, fungua koili, angalia anodi, na kama imekwisha ibadilishe, weka koili yenye wati zilezile pamoja na gasketi mpya, jaza tangi na kagua uvujaji wa maji, pima ncha hadi ncha na ncha hadi mwili, rudisha mfuniko, ndipo uwashe.

7.7 Hita ya kuoga ya papo kwa papo

Hita hii haina tangi. Hupasha maji yanapopita, hivyo huhitaji nguvu kubwa, kwa mfano 5,500 W. Mkondo wake ni karibu 24 A. Kwa hiyo inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, wa unene ulioelekezwa na mtengenezaji, kwa kawaida milimita za mraba 4 au zaidi. Kuiunganisha kwenye waya mwembamba wa taa ni kuandaa moto ndani ya ukuta.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba "haipashi vizuri." Kokotoa kwanza. Kupandisha maji kutoka 18°C hadi 38°C:

Tungamo kwa sekunde = P/(cΔT) = 5,500/(4,200 × 20) = kilo 0.065 kwa sekunde, yaani karibu lita 4 kwa dakika.

Maji ya 26°C yangehitaji kupandishwa nyuzi 12 tu, na hita ileile ingetoa karibu lita 6.5 kwa dakika. Kwa hiyo mtu wa mlimani asifungue bomba lote. Apunguze maji na joto litaongezeka, bila kipuri chochote. Ila asipunguze mno, kwani maji yakiwa na shinikizo dogo sana swichi ya ndani haijifungi na hita haiwaki kabisa.

7.8 Swali la mfano lenye majibu

Familia moja ya wakulima wa kahawa Mkumbi ina hita ya lita 50, 230 V, 1,500 W. Tangu Juni, ikiwashwa saa 1 jioni, maji hayafiki 60°C hata baada ya saa mbili. Baba mdogo anashauri pesa ya mauzo ya kahawa inunue hita mpya. Fundi anapima na kupata: volteji jioni 190 V, volteji alfajiri 228 V, koili ncha hadi ncha 35 Ω, koili hadi mwili, ukinzani usio na kikomo. Maji yanaingia yakiwa na 18°C.

(a) Je, koili ni nzima? Toa sababu mbili.
(b) Kokotoa nguvu ya hita jioni.
(c) Kokotoa muda wa kupasha tangi jioni.
(d) Mshauri baba mdogo.

*Majibu:*

(a) Ni nzima. Ukinzani wa 35 Ω unalingana na hesabu ya V²/P, na hakuna uvujaji kwenda kwenye mwili.

(b) P = 1,500 × (190/230)² = 1,024 W hivi.

(c) t = 8,820,000/1,024 = sekunde 8,613 = dakika 144 hivi, yaani karibu saa mbili na nusu.

(d) Baba mdogo asinunue hita. Hita mpya ya aina hiyohiyo itachelewa vilevile, kwa sababu tatizo ni volteji. Hita iwashwe alfajiri volteji inapokuwa nzuri, nyaya za nyumba na viungo vyake vikaguliwe, na taarifa ya volteji pungufu ipelekwe ofisi ya TANESCO.

*Angalizo kwa mtahiniwa:* sehemu (d) inataka ushauri unaotokana na hesabu. Ukiandika tu "aite fundi" hujajibu, kwa kuwa fundi ameshapima.

7.9 Maswali ya kujipima

1. Hita imeandikwa 2,000 W, 230 V. Kokotoa mkondo na ukinzani wake.
2. Hita ya lita 30 yenye 1,200 W iko Mbamba Bay. Maji yapandishwe kutoka 26°C hadi 60°C. Kokotoa muda na uniti.
3. Ukinzani kati ya ncha ya laivu ya koili na mwili wa hita ni 5,000 Ω. (a) Kokotoa mkondo unaovuja kwenye 230 V. (b) Je, breka ya uvujaji ya miliampia 30 itakata?
4. Breka ya ampia 10 ya hita ya 1,500 W inashuka kila mara. Jirani anashauri iwekwe ya ampia 32. Eleza kwa nini ushauri huo ni hatari.
5. Nyumba ina hita ya tangi la lita 50. Mama anataka kuziba vali ya usalama kwa sababu inadondosha maji sakafuni. Mweleze kwa heshima kwa nini asifanye hivyo, na mpe suluhisho.

Majibu

1. I = 2,000/230 = 8.7 A. R = 52,900/2,000 = 26.45 Ω.

2. Q = 30 × 4,200 × 34 = 4,284,000 J. t = 4,284,000/1,200 = sekunde 3,570 = dakika 59.5. Uniti = 1.19.

3. (a) I = 230/5,000 = 0.046 A = miliampia 46. (b) Ndiyo, kwa sababu 46 ni zaidi ya 30. Nyumba isiyo na breka hiyo, na yenye erthi mbovu, haitapata onyo lolote mpaka mtu aguse bomba.

4. Hita nzima huchukua 6.5 A tu, hivyo breka ya ampia 10 haikupaswa kushuka. Kushuka kwake kunaonyesha shoti au uvujaji, au breka yenyewe kuwa mbovu. Breka ya ampia 32 itaruhusu mkondo mkubwa kuliko uwezo wa waya. Waya utapata moto, kihami chake kitayeyuka na nyumba inaweza kuungua. Ubovu utafutwe kwa kupima koili.

5. "Mama, maji yakipata moto huongezeka. Hilo tangi la lita 50 linahitaji kutoa karibu lita 0.8, na njia yake ni hiyo vali tu. Tukiiziba, shinikizo litapanda na tangi linaweza kupasuka. Tuifungie bomba dogo linaloelekea kwenye ndoo au kwenye mtaro, tuache mdomo wake wazi, na sakafu itabaki kavu."